Kung'aa kwa mbao kunaanzia kwenye msasa, nta inakuja mwisho

Juzi asubuhi kaja mzee mmoja kijiweni kwangu hapa Ng'ambo, Tabora mjini, kwapani ana kigoda, mkononi donge la nta limefungwa kwenye gazeti, kubwa kama ngumi mbili. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akafungua gazeti akaniambia nta hii ni ya mizinga yake mwenyewe huko Sikonge, haijachanganywa na kitu, anataka nimpakie kwenye kigoda king'ae kama vile vya dukani. Kigoda chenyewe cha mkongo, fundi mwingine alishakipiga vanishi kama mwaka umepita, sasa kimefubaa, ukikigeuzia mwanga unaona michirizi ya brashi na vijipunje vya vumbi vilivyogandia humo humo ndani. Nikamwambia mzee wangu, nta yako nzuri sana, ila nikiipaka hapa juu leo, wiki ijayo utanirudishia kigoda hiki hiki, hakijang'aa na alafu kinanata.

Hakunielewa na wala simlaumu, maana hili ndo swali naulizwa karibu kila siku, "fundi nipake nta gani meza ing'ae", na mafundi wenyewe tunachangia kuchanganya watu, kila kitu cha kupaka juu ya mbao tunakiita polishi, iwe shelaki (ile gundi ngumu inayotokana na wadudu), iwe vanishi, iwe nta, iwe ile ya kupuliza ya kwenye kopo. Sasa leo nimeamua niandike yote nilivyoielewa, pamoja na pale nilipoharibu.

Tuanze na kung'aa kwenyewe. Kama umewahi kufika bwawa la Igombe asubuhi kabla upepo haujaanza, unaona miti ya ng'ambo imegeuka kichwa chini kwenye maji, safi kabisa, alafu saa tano upepo ukianza maji ni yale yale ila ile miti huioni tena, unaona vimetameta tu. Uso wa mbao iliyopigwa vanishi uko hivo hivo. Mwanga ukipiga mahali palipo sawa unarudi wote upande mmoja, unajiona sura, ukipiga mahali penye vilima na mabonde madogo unatawanyika huku na huku, unaona ukungu. Kwaiyo kufubaa ni mikwaruzo na vipele, basi, na kung'arisha ni kuivunja ile mikwaruzo mikubwa kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni tena. Hamna dawa ya kuruka iyo hatua. Nta ukiipaka juu ya vilima inaingia kidogo kwenye mabonde, mbao inaonekana imekolea rangi kama imelowa maji, unafurahi siku mbili, alafu vilima viko pale pale.

Wazee wetu walikuwa wanajua hili vizuri, hata neno msasa lenyewe ni jina la mti, ule wenye majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ndo walikuwa wanasugulia mipini na vinu kabla karatasi za dukani hazijaja. Hakuna aliyewaambia waanze na mafuta.

Sasa kabla hujagusa chochote, jua kilichopakwa ni nini, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kuna vitu vinavyokauka na kuna vitu vinavyoiva. Laka, ile tunayoichanganya na thina na kupuliza kwa kompresa, inakauka tu, thina inaruka hewani basi imebaki ngozi ngumu, na ukipuliza koti la pili, yaani tabaka la pili, thina yake inayeyusha kidogo lile la chini yanashikana yanakuwa kitu kimoja, kama uji ulioongezwa juu ya uji. Shelaki nayo ni hivo hivo ila yenyewe unayeyusha kwa spiriti. Vanishi ya mafuta na zile poliyurethani za mafuta ni kesi nyingine, zenyewe zinavuta oksijeni ya hewani na kubadilika kabisa, haziyeyuki tena ukiweka thina, na kila koti linakaa juu ya mwenzake kama chapati kwenye sahani. Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu ukisugua laka ukala nusu ya koti la juu haionekani kitu, ila ukisugua poliyurethani ukatoboa koti la juu ukafika la pili, unapata pete, mistari ya kujikunja kunja kama ile ya vilima kwenye ramani, na iyo haiondoki kwa kusugua zaidi, unaongeza pete nyingine. Dawa ni kupiga koti jipya zima.

Na kuna kusubiri. Kukauka kwa kugusa ni masaa, kuiva ni wiki. Mi nasubiri wiki mbili kwa laka na tatu mpaka nne kwa vanishi ya mafuta, na mteja akinisumbua namwambia aninunie tu. Sababu ni kwamba ngozi ikiwa bado ina thina ndani inaendelea kunywea, na mbao zetu hizi, mninga hasa, zina matundu makubwa, unaweza ukaisugua siku ya nne ikawa kioo kabisa ukampa mtu, alafu mwezi unaofuata ngozi imenywea kwenye matundu, meza imerudi kuwa na vidonda kama vya ndui. Kipimo changu ni pua. Weka pua karibu na mbao, kama bado unasikia harufu ya vanishi au thina, bado. Pia bonyeza ukucha sehemu iliyojificha, chini ya ukingo, ukiacha alama subiri.

Hili la kusubiri nimejifunza kwa hasara. Nilitengenezaga dresingi tebo ya mninga ya bibi harusi mmoja, laka koti tatu, harusi Jumamosi, mi nimemaliza kupuliza Jumatano. Alhamisi jioni nikafunga sponji ya kung'arishia kwenye grenda, ile ndogo ya kukatia chuma, nikaweka kompaundi, ile krimu ya kung'arishia, nikawasha. Sasa grenda ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mashine za kung'arishia magari zenyewe hata 3,000 nyingi hazizidi, na msuguano ni moto. Sekunde mbili hazikuisha laka ikavutwa kama jibini, ikajikusanya pembeni, na kwenye kona ikaisha kabisa mbao nyeupe ikatokea, maana ule mninga nilikuwa nimeutia na rangi kidogo. Nilikesha nakwangua. Bibi harusi alipelekewa kabati bila dresingi tebo, na mama yake alinisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Tangu siku iyo nasugua kwa mkono, na nikitumia mashine ni ile yenye spidi ya kupunguza, sponji imelowa, na haikai sehemu moja.

Basi tuseme imeiva. Chukua msasa wa maji, ule mweusi, uzungushie kipande cha mbao au cha kandambili iliyokufa, usitumie vidole vitupu kwa sababu vidole vinachimba mifereji. Maji kwenye kopo na tone moja la sabuni ya maji. Kama michirizi ya brashi ni mikubwa anza na namba 400, kama ni vumbi tu anza na 600, alafu 800, 1000, 1500, 2000. Ukisugua utaona uji mweupe kama maziwa, huo ni vanishi yenyewe inakwenda, na huo uji ndo muongo mkubwa kuliko wote, unaficha kila kitu, kwaiyo kila baada ya muda kidogo futa, kausha, tazama kwa kuinamisha kichwa dirishani. Utaona sehemu zilizokwisha zimekuwa za rangi ya jivu, hazing'ai kabisa, na katikati kuna vidimbwi vinavyong'aa bado. Vile vidimbwi vinavyong'aa ndo mabonde ambayo msasa haujayafikia. Hapo watu wanachanganyikiwa, anaona panapong'aa anadhani pamekuwa tayari, kumbe ni kinyume, endelea mpaka uso wote ufubae sawasawa. Ukishafubaa sawasawa kwa namba moja ndo unahamia inayofuata, na kazi ya namba inayofuata ni moja tu, kufuta mikwaruzo ya iliyopita. Ukiruka kutoka 600 kwenda 2000 kwa haraka zako, utasugua siku nzima na ile mikwaruzo ya 600 itakutazama tu.

Kingo na kona ziache mpaka mwisho kabisa, zipitie mara mbili tatu na ile namba ya mwisho basi. Vanishi inakimbia kona wakati inakauka, pale ngozi ni nyembamba kuliko popote, ndo maana meza zote zilizotobolewa zimetobolewa kona. Na maji yakiingia kwenye mbao iliyotoboka yanavimbisha nyuzi, umeongeza tatizo.

Baada ya 2000 uso utakuwa na ukungu mwembamba kama kioo ulichokihemea. Hapo ndo kompaundi inaingia, ile ile ya maduka ya spea za magari inafaa, weka kidogo kwenye kitambaa cha tisheti kuukuu iliyofuliwa, zungusha, sugua kwa nguvu mwanzoni na kupunguza kadri inavyokauka, na utaona ukungu unafunguka na dirisha linatokea kwenye meza yako na nondo zake zote. Hamna nta hapo bado! Umeng'arisha bila nta. Hii ndo nilikuwa namuonyesha yule mzee kwenye kipande cha mbao cha mazoezi, akawa anapitisha kiganja, anapitisha tena, anasema mbona hujapaka kitu.

Si kila mtu anataka kioo lakini. Mi binafsi kwenye meza ya kulia sitaki, kila alama ya kidole unaiona. Ukiishia 600 alafu ukachukua stilwaya (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa, ile ya sifuri nne, siyo ya kusugulia masufuria tafadhali, ukavuta kwa kufuata nyuzi za mbao mikono mirefu kutoka mwisho mpaka mwisho, unapata mng'ao wa hariri, mtulivu, unaficha mikwaruzo midogo kwa sababu mikwaruzo yote inaelekea njia moja. Kama vanishi yenyewe ni ya mati, yaani isiyong'aa, toka kiwandani, iyo usiisugue kutafuta kioo, ndani yake wameweka unga wa silika makusudi wa kutawanya mwanga, ukiisugua inang'aa madoa madoa kama kiwiko cha koti la shule.

Sasa nta. Nta ya nyuki haikauki kama rangi wala haiivi kama vanishi, ni mafuta magumu tu na itabaki hivo hivo miaka yote. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64 hivi, na inaanza kulainika mbali kabla ya hapo. Kikombe cha chai kilichomiminwa sasa hivi kina zaidi ya iyo, kwaiyo chai inaacha pete kwenye nta, haijalishi umenunua nta ya bei gani. Ndo maana zile za magari na za viatu wanachanganya na kanauba, nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya minazi na mitende wa kaskazini mashariki ya Brazil, iyo inastahimili mpaka nyuzi 80 na kitu na ni ngumu kama ukucha, ila peke yake huwezi kuipaka, inavunjika vunjika.

Kwaiyo nta siyo ngao. Maji yakikaa yanapita, joto linapita, mkwaruzo unapita. Ngao ni ile vanishi chini. Nta inafanya kazi mbili tatu ndogo ila tamu, inaufanya uso uwe mtelezi vumbi na kucha vipite bila kushika, inajaza ile mikwaruzo ya mwisho kabisa, na mkono, yaani ukipitisha mkono mbao inakuwa kama kitu hai. Mteja ananunua kwa mkono kabla ya macho, hili nimeliona mara nyingi.

Nikwambie kitu kinachoniuma kidogo. Tabora hii, nta imekuwa ikitoka hapa tangu enzi za Mjerumani, reli ilivyofika 1912 ikawa inapanda treni kwenda pwani, tuna chuo cha nyuki hapa hapa mjini, Sikonge, Urambo, Kaliua kote watu wana mizinga, alafu fundi seremala anakwenda dukani kununua kikopo cha nta kilichotoka ng'ambo ya bahari. Kuitengeneza mwenyewe siyo kazi. Ile ya mzee ilikuwa na rangi ya kahawia, harufu kali ya moshi na asali, na miguu ya nyuki ndani, nikaiyeyusha kwenye maji kwenye sufuria la aluminiamu, la chuma halifai linaitia weusi, nikachuja kwa kipande cha kanga, nikaacha ipoe yenyewe. Uchafu unashuka chini unaukwangua na kisu. Rangi inatokana na chavua na ile gundi ya nyuki, nta nyeusi kidogo haina ubaya kwenye mninga au mkongo, ni bora hata, kwa sababu nta nyeupe ikiingia kwenye yale matundu ya mninga ikakauka unaona vidoti vyeupe kama chawa. Kwenye mbao nyeupe ndo utafute ile ya njano safi. Na ukiona donge la zamani lina ukungu mweupe juu usilitupe, siyo kuoza, nta yenyewe inatoa ule unga, ipitishie joto kidogo unapotea.

Mchanganyiko wangu ni gramu 100 za nta kwa gramu 300 za tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi za mafuta. Nta iyeyuke ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria la maji ya moto, usiweke kopo juu ya mkaa moja kwa moja, ikiyeyuka toa kopo, toka nje, mbali na jiko, mbali na mwenye sigara, ndo umimine tapentaini na kukoroga. Mvuke wa tapentaini unaweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 35 hivi, na Tabora mwezi wa kumi hewa tu inakaribia hapo, kwaiyo sitanii. Ikipoa inakuwa kama siagi ya karanga. Wapo wanaotumia mafuta ya taa badala yake, inafanya kazi ila inanuka wiki nzima na inachelewa kukauka. Kwa mwiko, sinia la mbao na vitu vya chakula hakuna tapentaini, changanya nta na mafuta ya kula tu.

Kupaka sasa, na hapa ndo kosa la wengi, wanapaka nyingi. Chukua kiasi cha punje ya maharage kwa eneo la kiti, ifunge ndani ya kitambaa ili ipenyeze yenyewe kidogo kidogo, zungusha mpaka hakuna panapoonekana peupe. Acha dakika 10 mpaka 15, itafifia iwe na ukungu, ndo ufute kwa kitambaa safi, geuza kitambaa, futa tena. Kidole kikipita kisiache mstari. Kikiacha mstari nta bado imebaki nyingi, endelea kufuta. Ukiona haitoki, imeganda, pitisha kitambaa chenye nta mpya kidogo, tapentaini yake itaifungua. Na kwa sababu iyo iyo usidhani koti tano za nta zitakuwa nene, kila koti jipya linayeyusha la zamani, unaishia kiasi kile kile, hivo kupaka kila wiki ni kumchosha dada wa kazi bure. Mara moja kwa miezi sita inatosha, meza inayotumika sana labda mitatu. Katikati ya hapo futa na kitambaa kilicholowa kidogo, kidogo sana, siyo kikavu, kwa maana vumbi letu la kiangazi ni mchanga, ukilifuta kavu umepiga msasa bila kujua.

Zile za kupuliza za kwenye kopo mimi sizipendi. Nyingi zina silikoni, inang'aa kweli, ila inapenya kwenye kila ufa, na siku ukitaka kupiga vanishi upya inakimbia inaacha vitobo vya mviringo kama mafuta juu ya mchuzi, na ukisha safisha bado vinatokea. Hata nta ya kawaida lazima iondolewe kabla ya koti jipya, kitambaa na tapentaini, kingine na tapentaini, kingine kikavu, vanishi haishiki juu ya nta. Ndo maana namuuliza kila mteja anayeleta samani kuukuu, umeipaka nini? Wote wanasema hawajapaka kitu.

Kigoda cha mzee nilikisugua kuanzia 400, kilikuwa na koti mbili tu kwaiyo sikwenda mbali, nikaishia kwenye hariri, nikapaka nta yake mwenyewe. Alipokuja kukichukua hakukitazama, alifumba macho akapitisha mgongo wa mkono. Nta iliyobaki akataka kuniachia, nikamwambia aniachie nusu, nusu nyingine apeleke nyumbani, akasema atapakia uzi wa kushonea viatu.

Meza ya mama mmoja wa Ipuli ipo kona ya karakana imefunikwa shuka, vanishi ya mafuta koti nne, anapiga simu asubuhi na jioni. Leo siku ya kumi na moja. Nimeinusa saa moja hii, bado.